Maswali ya Wasomaji: Aliyemuua Mama Yake, Je, Ana Msamaha?

SWALI LA KWANZA

Tumsifu Yesu Kristo. Padri, ninaandika kutoka Kanda ya Ziwa na ninaomba kijiji chetu kisitajwe. Katika mwaka mmoja tulizika watoto wawili wa kaka yangu mkubwa. Kaka zangu wawili wakaenda kwa mganga wa ramli, naye akawaambia kwamba anayewamaliza wajukuu ni bibi yao, yaani mama yetu mzazi. Usiku mmoja mama alikatwa mapanga akiwa amelala. Kaka mkubwa alikamatwa, akakiri, akahukumiwa kunyongwa, na mpaka leo yuko gerezani. Kaka wa pili hakushika panga, lakini waliongozana kwa mganga, na ng'ombe aliyelipwa alitoka zizini mwake. Yeye yuko huru na kila Jumapili anakomunika.

Mzee mmoja wa Jumuiya yetu anasema Biblia yenyewe imeagiza mchawi asiachwe kuishi. Mwingine anamjibu kwamba Biblia hiyohiyo imeagiza ampigaye mama yake auawe, kwa hiyo kaka anyongwe na habari iishe. Wapo pia wanaosema kwamba mama alitamka laana kabla ya kukata roho, na kwamba ndiyo inayotuandama, hata watoto wetu hawafanyi vizuri shuleni. Ninauliza: dhambi ya namna hii inasameheka? Kaka wa pili yuko katika hali gani mbele ya Mungu? Laana hiyo ipo? Na mimi nikienda gerezani kumwona kaka, si nitakuwa nimemsaliti mama?

Binti wa marehemu

JIBU

Milele amina. Pole sana, dada. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na nitayajibu kwa urefu kwa sababu ninajua kwamba si nyumba yenu peke yake iliyoyapitia.

Nianze na uzito wa dhambi yenyewe, kwa kuwa msamaha unaozungumzwa kabla ya kuutaja uzito huo haumsaidii kaka yako, na unamdhulumu mama yako. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na amri ya tano, inayoifuata mara moja, inakataza kuua. (Hiyo ni hesabu ya Wakatoliki na Walutheri, katika madhehebu mengine mengi ni ya tano na ya sita, lakini amri ni zilezile.) Anayemuua mama yake anazivunja zote mbili kwa tendo moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 2268 kwamba kumuua mtu moja kwa moja na kwa kukusudia ni dhambi nzito, kisha inaongeza kwamba kumuua mtoto, ndugu, mzazi au mwenzi wa ndoa ni uovu mzito kwa namna ya pekee, kwa sababu unavunja vifungo vya asili. Namba 1858 inasema wazi kwamba ukatili dhidi ya wazazi ni mbaya zaidi kuliko ukatili dhidi ya mtu baki. Torati haikungoja hata mzazi afe. "Ampigaye baba yake au mama yake, sharti atauawa" (Kut 21:15), maana yake pigo tu juu ya mzazi lilibeba adhabu ileile ambayo mstari wa 12 unaiweka kwa anayemuua mtu mwingine. Mtume Paulo naye, anapowaorodhesha wale ambao sheria iliwekwa kwa ajili yao, anawataja wanaowainulia mkono baba zao na mama zao kabla hata ya kuwataja wauaji kwa jumla (1 Tim 1:9).

Ukali huo wote hautokani na desturi za jamii zinazowatukuza wazee tu. Mungu alitaka uhai wa kila mmoja wetu upitie kwa mwanamke fulani, mwenye jina, aliyembeba mimba na kumnyonyesha. Yoshua bin Sira anamkumbusha msomaji wake asisahau uchungu wa mama yake, na kwamba bila wazazi asingekuwapo, kisha anauliza atawalipa nini kwa yale waliyomtendea (YbS 7:27-28). Anayemwinukia mama yake anaukana mkono uliomfikishia zawadi ya Muumba, na ndiyo maana dhamiri za watu, hata wale wasioisoma Biblia, huishtukia dhambi hii kwa namna ya pekee.

Kuna hali moja ninayopaswa kuitenga. Wapo vijana ambao walifanya tendo hili akili zao zikiwa zimeondoka kwa ugonjwa, wakisikia sauti au wakimwona mama kama adui asiyekuwapo. Kanisa linafundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti pahitajika jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa ya hiari (Katekisimu, namba 1857), na aliyepotewa na akili hana hayo mawili ya mwisho. Sheria ya nchi nayo inalitambua jambo hilo, na ndiyo sababu mahakama huwapeleka baadhi ya watuhumiwa kupimwa katika Taasisi ya Isanga, Dodoma. Familia yenye mtoto wa namna hiyo isimwite muuaji wa mama yake, imtibu. Kwa maelezo yako, hata hivyo, kaka zako hawakuwa katika hali hiyo. Walikaa, wakashauriana, wakalipa, wakangoja usiku.

Dunia ambamo Kanisa lilizaliwa iliifahamu dhambi hii. Mwaka 59 Kaisari Nero aliagiza mama yake, Agripina, auawe, na hakuna mahakama iliyomgusa. Kwa raia wa kawaida, sheria ya kale ya Kirumi iliagiza aliyemuua mzazi ashonewe ndani ya gunia pamoja na wanyama hai, kama vile mbwa, jogoo, nyoka na nyani, kisha atupwe majini. Kanisa lilichukua njia nyingine. Sinodi ya Ankira, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 314, iliamua kwamba aliyeua kwa kukusudia akae katika kundi la watubu maisha yake yote, na apewe Komunyo anapofikia mwisho wa maisha. Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisarea ya Kapadokia katika karne hiyohiyo ya nne, aliweka miaka 20. Katika minne ya kwanza mtubu alisimama nje ya mlango wa kanisa akilia, akiliungama kosa lake na kuwasihi waamini waliokuwa wakiingia wamwombee. Mitano iliyofuata aliruhusiwa kulisikiliza Neno na kutoka. Saba alisali akiwa amesujudu pamoja na watubu wenzake. Na minne ya mwisho alisimama na waamini bila kupokea, ndipo akakaribishwa mezani pa Bwana.

Ukali huo unawashangaza Wakristo wa leo, waliozoea kupewa Baba Yetu tatu za malipizi baada ya kuungama. Mimi, kwa kweli, ninaona kwamba tumepoteza kitu tulipofanya malipizi yawe mepesi kiasi hicho. Lakini tazama vizuri: adhabu ya Warumi ilimalizikia majini, na kanuni za Ankira na za Basili zilimalizikia kwenye Komunyo. Hata pale mwuaji aliposimamishwa nje kwa miaka, alisimamishwa mlangoni mwa kanisa, na waliopita walipewa kazi ya kumwombea.

Kwa hiyo, ndiyo, dhambi ya kaka yako inasameheka. Katekisimu inasema katika namba 982 kwamba hakuna kosa, hata liwe zito namna gani, ambalo Kanisa haliwezi kuliondolea. Dhambi dhidi ya Roho Mtakatifu, ambayo Bwana alisema haina maondoleo (Mk 3:29), ni ile ya kuukataa kwa ukaidi msamaha wenyewe, na mtu anayelia gerezani akiomba rehema hayuko hapo. Wala si kweli, kama wengi wanavyoamini vijijini, kwamba dhambi ya damu lazima ipelekwe kwa Baba Askofu au Roma. Padri yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha, na hivyo hata yule anayekwenda gerezani kusomea wafungwa Misa, anaweza kumwondolea. Anachohitaji kaka yako ni majuto ya kweli, ungamo kamili na nia ya kufanya malipizi. Daudi, baada ya kumwua Uria kwa upanga wa Waamoni, alisema maneno machache tu, "Nimemfanyia Bwana dhambi," na nabii Nathani akamjibu papo hapo kwamba dhambi yake imeondolewa. Hata hivyo upanga haukuondoka katika nyumba yake (2 Sam 12:10-13). Maondoleo humrudishia mtu urafiki na Mungu. Hayamrudishii mama yake, wala hayafuti kifungo chake.

Sasa nije kwenye neno la yule mzee wa Jumuiya, kwa sababu hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa zaidi. Nimesikia watu wakisema, tena kwa sauti ya kumtetea mtuhumiwa, kwamba fulani hakumuua mama yake, alimuua mchawi. Maneno hayo yanamzuia mtu kutubu, maana hakuna anayejutia tendo analoliita ulinzi wa watoto wake. Ni kweli kwamba imeandikwa, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi" (Kut 22:18). Lakini anayeusoma mstari huo na asome pia Kumbukumbu la Torati 18:10-12, ambapo mtu atazamaye bao anatajwa katika orodha ileile ya machukizo anamotajwa mchawi. Kaka zako walikwenda kumtafuta mchawi kwa kumtumia mtu ambaye Torati hiyohiyo imemkataza. Tena hukumu ya kifo katika Israeli ilitolewa na waamuzi, kwa ushahidi wa watu wawili au watatu, na kamwe si kwa ushahidi wa mmoja (Kum 17:6). Mganga aliyekula ng'ombe wenu hakuwa shahidi hata wa jambo moja. Na kwetu tulio wa Kristo, sheria hizo za adhabu za taifa la kale hazikuachwa mikononi mwa mtu yeyote azitekeleze usiku kwa panga.

Mzee huyo na asome pia habari za mfalme Asa wa Yuda. Maaka, anayeitwa mama yake katika Maandiko ingawa wengi wanaona kwamba alikuwa bibi yake, alitengeneza sanamu ya kuchukiza ya Ashera. Kosa lake halikutokana na ndoto ya mtu wala macho mekundu. Sanamu ilikuwapo, watu waliiona. Asa alikuwa mfalme, mwenye jeshi na mamlaka ya hukumu. Alifanya nini? Alimwondolea daraja yake ya malkia, akaikata sanamu na kuiteketeza penye kijito cha Kidroni (1 Fal 15:13). Sanamu ndiyo iliyochomwa. Hakuna neno linalosema kwamba alimgusa mwanamke yule, na Maandiko yanamsifu kwamba moyo wake ulikuwa mkamilifu. Basi hata kama, na ninasema hata kama, mama yenu angekuwa kweli anashiriki mambo ya giza, mwanawe Mkristo angekuwa na njia ya Asa mbele yake.

Nimetaja macho mekundu kwa makusudi. Katika sehemu nyingi za Usukumani ambako kuni ni haba, kina mama hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka arobaini au hamsini. Moshi huo huharibu macho. Kisha mwanamke huyo akifika uzeeni, macho aliyoyapoteza kwa kuwapikia watoto wake yanageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Injili ilifika Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, na Serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli mwezi Januari 2015, na bado tunazika vikongwe. Sisi mapadri hatuna budi kujiuliza tumehubiri nini katika miaka yote hiyo, ikiwa mtu aliyebatizwa, mtoto wake akifa kwa homa, bado anafunga safari kwenda kwa mpiga ramli kabla ya kumwuliza daktari.

Kuhusu kaka yako wa pili, sitaficha hofu yangu. Katekisimu, namba 1868, inafundisha kwamba tunabeba dhambi za wengine tunaposhiriki kwa hiari, tunapoziagiza, kuzishauri, kuzisifu au kuzikubali, tunapokosa kuzizuia hali tukiwa na wajibu wa kuzizuia, na tunapowalinda waovu. Ikiwa alijua kilichokuwa kinapangwa na akatoa ng'ombe, damu ya mama iko mikononi mwake hata kama panga halikuwapo. Ikiwa alikwenda kutafuta tiba tu, na hakujua kwamba kaka yake angeua, hali yake ni tofauti, ingawa ile safari ya kwa mganga peke yake ni dhambi ya kuungama, na ukimya wake baada ya kusikia jina la mama yake likitajwa ni jambo la kujibu. Wewe huwezi kulipima hilo, wala mimi kutoka mezani kwangu. Anayeweza ni yeye mwenyewe, mbele ya padri. Mtume anaonya kwamba alaye mkate na kukinywea kikombe isivyostahili anajihukumu mwenyewe (1 Kor 11:27-29), kwa hiyo, kama dhamiri yake inamshtaki, akae bila kukomunika mpaka atakapoungama. Usimwaibishe mbele ya Jumuiya. Mwambie faraghani, kama dada yake. Na mtoe hofu ya kwamba padri atampeleka polisi: siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, iwe ya mahakama au ya familia (Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983). Padri anaweza kumshauri akaeleze ukweli katika vyombo vya sheria, na mimi ningemshauri hivyo, lakini hawezi kuyasema yeye.

Yule mzee mwingine, anayetaka kaka anyongwe na habari iishe, ameusoma mstari wa adhabu akaacha habari za Kaini. Mungu alimwambia Kaini kwamba sauti ya damu ya ndugu yake inamlilia kutoka katika ardhi, kisha akamtia alama ili mtu yeyote amwonaye asimwue (Mwa 4:10, 15). Papa Fransisko, mwaka 2018, alirekebisha namba 2267 ya Katekisimu, na sasa Kanisa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia utu wa mtu usiofutika hata kwa makosa makubwa kabisa. Sheria ya Tanzania ingali inaiagiza adhabu hiyo kwa mauaji ya kukusudia, ingawa kwa miaka mingi sasa haijatekelezwa. Mkristo anaweza kutaka kaka yako abaki gerezani. Asiombe kamba.

Laana sasa. Yoshua bin Sira anasema kwamba laana ya mama huing'oa misingi ya nyumba (YbS 3:9), kwa hiyo siwacheki wanaoiogopa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, anasimulia habari za ndugu kumi, wanaume saba na wanawake watatu, kutoka Kaisarea ya Kapadokia, ambao mama yao mjane aliwalaani kwa ubaya waliomtendea, nao wakapatwa na tetemeko la viungo lililowafanya watangetange katika nchi. Wawili wao, Paulo na Paladia, walifika Hipo, Afrika ya Kaskazini, wakasali penye masalia ya Mtakatifu Stefano, wakapona mbele ya Augustino na waamini wake. Huyo Stefano ndiye aliyekufa akiwaombea msamaha waliompiga mawe. Ninakuachia habari hiyo uitafakari. Zaidi ya hapo lipo neno la nabii Ezekieli, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake (Eze 18:20): watoto wenu hawadaiwi damu ya bibi yao. Kama hawafanyi vizuri shuleni, kaeni na walimu wao. Wamepoteza bibi na baba au baba mkubwa kwa mkupuo mmoja, na watu wanawanyoshea vidole kisimani. Mtoto gani angetulia? Mtoleeni mama Misa kwa jina lake, itangazwe kanisani kwamba ni kwa ajili yake, na hapo hapo kijiji kitasikia kwamba familia yake haimtambui kama mchawi. Asije mtu akawauzia kafara ya kuondoa laana. Huyo ni mganga wa pili.

Mwisho, gerezani. "Nalikuwa kifungoni, mkanijia," alisema Bwana (Mt 25:36), na hakuongeza sharti kwamba mfungwa awe hana hatia. Kwenda kwako hakuwi usaliti, mradi usiende kumwambia kwamba yaliyopita si kitu. Si lazima uende kesho. Kama ukimwaza tu unatetemeka, mtumie kwanza barua, au mwombe padri anayehudumia gereza hilo amfikie na akuletee habari. Siku utakapokwenda, mtaje mama kwa jina lake mbele yake. Akisema alidanganywa na mganga, msikilize, kisha mwulize kama amemwungamia Mungu jambo alilolifanya yeye, au analiungama la mganga.

SWALI LA PILI

Padri, mama yangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Ilipofikia hatua ya mwisho madaktari walituambia kwamba dawa zaidi zingemchosha bila kumponya, na mama mwenyewe aliomba arudi nyumbani Moshi. Nilimrudisha, nikamwuguza, akafa baada ya wiki chache. Ndugu zangu wanaoishi ughaibuni wananiambia kwenye simu kwamba nimemuua mama kwa kubania fedha. Je, nimetenda dhambi ya kumuua mama yangu?

Msomaji wa Kilimanjaro

JIBU

Hapana, dada. Kanisa linatofautisha mambo mawili ambayo ndugu zako wameyachanganya. Kufanya au kuacha tendo kwa nia ya kumfisha mgonjwa, hata kwa kumwonea huruma, ni uuaji, na kama ungempa mama dawa ya kummaliza, jibu langu lingekuwa jingine kabisa. Kuacha tiba zinazomlemea mgonjwa, zenye hatari au zisizolingana na matokeo yanayotarajiwa ni halali, kwa sababu hapo hutaki kifo, unakubali tu kwamba huwezi kukizuia. Na uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo wa kuamua (Katekisimu, namba 2278). Mama yako aliamua. Wewe ulimtii.

Kinachobaki kuwa wajibu, hata kifo kikiwa karibu, ni matunzo ya kawaida: chakula kadiri anavyoweza kukipokea, maji, usafi, kugeuzwa kitandani, na dawa za maumivu, ambazo zinaruhusiwa hata kama zinaweza kufupisha siku zake, mradi kifo kisiwe ndicho kinachotafutwa (namba 2279). Kwa kuwa unasema ulimwuguza, nadhani hayo uliyafanya. Ikiwa lipo jambo mahususi ulilomnyima ukijua, liungame hilo kwa jina lake, usiungame mauaji ambayo hukuyatenda. Kuna watu wanaoungama dhambi kubwa wasiyo nayo na kuiacha ndogo waliyo nayo. Ndugu zako wa ughaibuni, kwa upande wao, wakumbuke kwamba Bwana aliwakemea waliotumia udhuru wa sadaka kukwepa kuwasaidia wazazi (Mk 7:10-13). Huzuni ya aliyekuwa mbali mara nyingi humtafuta aliyekuwa karibu ili imlaumu. Waombe waongee na daktari aliyemtibu mama, maana maneno yake watayaamini kuliko yako.

SWALI LA TATU

Nina miaka 19. Mama alifariki siku aliyonizaa. Tangu utoto shangazi yangu, dada yake baba, huniita "muuaji wa mama" anapokasirika, na sasa anasema sitakiwi kwenda kwenye kaburi lake. Je, Mungu ananihesabia dhambi hiyo?

Kijana, Tabora

JIBU

Mwanangu, dhambi ni tendo la hiari, na mtoto anayezaliwa hana hiari hata ya kuvuta pumzi. Mungu hakuhesabii chochote. Wanawake hufa katika uzazi kwa kutokwa na damu nyingi, kwa kifafa cha mimba, kwa kuchelewa kufika hospitali. Hakuna anayeuawa na mtoto wake mchanga. Shangazi yako alimpoteza wifi, labda rafiki, na amekuwa akimlipisha mtoto asiyedaiwa. Anapaswa kuacha, na anapaswa kukuomba msamaha, kwa sababu neno hilo analolisema kwa hasira ni dhambi yake, na Bwana ameliweka pamoja na amri ya kutoua (Mt 5:21-22).

Soma Mwanzo 35:16-20. Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, alipata uchungu mzito njiani kuelekea Efrathi, ndiyo Bethlehemu, na roho yake ilipokuwa ikitoka alimpa mtoto jina Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo alimpenda mwanamke yule kiasi cha kumtumikia Labani miaka mingi kwa ajili yake, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yeye ya kumchukia mtoto. Alilibadilisha jina palepale, akamwita Benyamini, kisha akasimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Kaburi la mama lilipewa heshima yake, na mtoto hakubebeshwa lawama.

Una haki ya kwenda kaburini kwa mama yako, na hakuna sheria ya Kanisa inayokuzuia. Mwombe baba yako akupeleke; kama hayupo, nenda na katekista wa kigango chenu au wazee wawili wa ukoo, mchana, na umjulishe shangazi mapema kwamba utakwenda tarehe fulani. Ukifika, sali Raha ya Milele. Ukipenda, mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, andika jina la mama kwenye bahasha ya nia za Misa parokiani, na uandike kwamba anayeomba ni mwanawe.